Kikonyo cha Parachichi: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Katuni ya Dakika Nne

Kisa ninachokichambua hapa ni changu mwenyewe. Kinahusu filamu ya katuni ya dakika nne niliyoiongoza nikiwa Mbeya, kwa ajili ya shirika moja linalofanya kazi na wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe, na kinahusu siku ile ilipogundulika, kazi ikiwa imeshavuka nusu, kwamba filamu hiyo ilikuwa inawafundisha wakulima mambo mawili yasiyo sahihi. Shirika sitalitaja jina, kwa sababu watu wake walinitendea kiungwana hadi mwisho na kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa na wazazi wengi. Vijana wanaoanza kazi hii Mbeya na Iringa huniuliza mara kwa mara namna ya kupanga bei, nami kila mara najikuta nikiwasimulia kisa hiki badala ya kuwatajia kiasi cha fedha.

Kazi niliipata kwa simu. Ofisa mawasiliano wa shirika alikuwa ameona tangazo fupi la katuni nililolitengenezea duka moja la pembejeo la Mwanjelwa, akaniuliza kama ninaweza kuongoza filamu ya kuonyeshwa kwenye mikutano ya vijiji kwa projekta na kusambazwa kwa WhatsApp kabla msimu wa kuchuma haujafunguliwa. Nilipokea hadidu za rejea za kurasa mbili na skripti ya kurasa tatu. Hadithi ilikuwa rahisi: mama na kijana wake wanachuma parachichi aina ya Hass, wanazipanga kwenye kreti, wanazipeleka kituo cha kukusanyia, wanalipwa. Tulikubaliana malipo kwa awamu tatu, yaani asilimia 40 wakati wa kutia saini, asilimia 30 animatiki (rasimu ya filamu, nitaieleza mbele) ikipitishwa, na asilimia 30 filamu ikikabidhiwa, na kutoka kila awamu shirika lilikata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kunipa cheti chake. Nilipopanga bajeti sikuikumbuka kodi hiyo. Ni kweli kwamba cheti huhesabiwa katika kodi ya mwaka, lakini fedha taslimu ya kuwalipa vijana mwisho wa mwezi hupungua mwezi uleule, na mtu anayejiajiri asipolijua hilo mapema hulijua kwa uchungu.

Hesabu ya michoro lazima niieleze, kwa kuwa bila hiyo ubishi uliofuata hauwezi kueleweka. Filamu hutembea kwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde. Wengi wetu huchora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na jicho hulikubali hilo bila kulalamika. Dakika nne ni sekunde 240, kwa hiyo kama kila kitu kingekuwa kinatembea wakati wote ningehitaji michoro 2,880 ya wahusika, mbali na mandhari. Hakuna anayefanya hivyo kwa bajeti ya ukubwa ule. Mhusika anaposikiliza, mwili wake hutulia na macho tu hupepesa. Mlima huchorwa mara moja na kamera ikapita juu yake polepole. Kreti ikishawekwa chini haina sababu ya kuchorwa tena. Mpango wangu ulikuwa na michoro mipya isiyozidi 1,500, na tulikuwa watatu: mimi, kijana mmoja wa kuchora michoro ya kati, yaani ile inayounganisha michoro mikuu ya kitendo, na binti mmoja wa rangi, katika chumba cha kupanga pale Soweto ya Mbeya. Wahusika tuliwachora kwa OpenToonz, programu ambayo imekuwa ya bure kwa kila mtu tangu 2016, na mandhari tuliyachora kwa Krita, ambayo nayo ni ya bure. Ilikuwa masika, umeme ulikuwa unakatika mchana, hivyo kazi ya kurenda, yaani kompyuta kuigeuza michoro kuwa video, tuliiacha iende usiku kwa usiku.

Kabla ya kuchora kwa dhati tulitengeneza animatiki. Kwa asiyeijua, animatiki ni michoro ya haraka ya storibodi, yaani hadithi iliyochorwa picha kwa picha, iliyopangwa kwa muda wake halisi pamoja na sauti, ili mtu aitazame filamu yote ikiwa bado mifupa. Hapo ndipo filamu ya katuni huongozwa hasa, maana kufuta onyesho katika animatiki ni kazi ya dakika kumi, ilhali kufuta onyesho lilelile likiwa limeshachorwa ni kufuta mshahara wa mtu. Niliituma kwa ofisa mawasiliano. Siku ya tatu alijibu, “Iko vizuri sana dada, endelea.” Kwa maneno hayo matano awamu ya pili ilitoka, nasi tukaendelea.

Wiki ya saba nilikwenda Kiwira. Sikwenda kuhakiki filamu. Nilikwenda kurekodi sauti, kwa kuwa nilitaka majani, ndege, kreti inayoburuzwa na watu wanaoitana shambani viwe vya kule kule Rungwe, na visiwe vya kupakuliwa kwenye intaneti. Bibi shamba wa eneo lile alinipokea vizuri, akaniambia kikundi cha wakulima kinakutana siku hiyo, na akaniomba niwaonyeshe kilichokwisha kukamilika. Nilikuwa na dakika mbili na nusu hivi, sehemu nyingine zikiwa hazina rangi. Tuliiweka kompyuta juu ya kreti mbili, watu wakasogea.

Walisifu. Wenyeji wa Rungwe ni watu wa heshima kwa mgeni, na kama ningefunga kompyuta wakati ule ningeondoka na sifa tupu. Lakini mama mmoja wa makamo aliomba irudishwe nyuma, akatazama tena, akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hizi parachichi mbona zimeivia mtini?” Nilipomjibu kwamba tumezichora nyeusi kwa sababu Hass ni nyeusi, wakatazamana. Kisha mzee mmoja akaongeza kwamba kuna jingine: mama wa kwenye filamu anaishika parachichi na kuivuta. “Ukiivuta hivyo inakuja bila kikonyo,” alisema, “na bila kikonyo inaoza njiani.”

Ninayaeleza mambo hayo mawili jinsi bibi shamba alivyonifafanulia, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Parachichi hukomaa mtini lakini haliivi mtini. Kulainika kwake huanza baada ya kuchumwa. Tunda la Hass lililokomaa kwa kuchumwa kwa kawaida bado ni la kijani, na ganda lake hugeuka zambarau iliyokolea hadi kufanana na nyeusi siku zinavyopita baada ya kuchumwa. Wanunuzi hupima ukomavu kwa kupima dutu kavu iliyomo ndani ya nyama ya tunda, wala hawangojei rangi ya ganda. Picha tulizozitumia kama kielelezo tulizitoa kwenye intaneti, na zilikuwa za matunda ya dukani, yaani matunda yaliyokwisha kusafiri na kuiva. Tuliyachukua matunda ya rafu ya duka la Ulaya tukayaning'iniza kwenye mti wa Rungwe. Mkulima ambaye angeiamini filamu yangu angengoja maparachichi yake yawe meusi mtini, na gari la mnunuzi lingemkuta anangoja.

Kuhusu kikonyo, tunda hukatwa kwa mkasi wa kupogolea na kipande kifupi cha kikonyo huachwa juu yake. Likivutwa, kikonyo hung'oka na kuacha kidonda, na kidonda hicho ni mlango wa vimelea vya ukungu vinavyoozesha tunda kuanzia juu. Kwa anayeuza gengeni jioni hiyo hiyo pengine si hasara kubwa. Kwa tunda linalotakiwa kukaa safarini kwa wiki kadhaa ni hasara kamili, na mkulima ndiye anayeibeba pale tunda linapotupwa wakati wa kuchambua.

Palikuwa na jambo la tatu, dogo kwa kilimo lakini lililoniumiza zaidi kama mwongozaji. Katika onyesho la pili kijana anaamka, anatoka nje, anamwambia mama yake mzazi, “Habari za asubuhi, mama.” Vijana waliokaa nyuma walicheka. Skripti ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza ikatafsiriwa, na mfasiri alitafsiri maneno yaliyopo badala ya kuweka salamu ambayo mtoto angeitoa. Hakuna mtoto wa Kiwira, wala wa Makambako, wala wa Mafinga, anayemsalimia mama yake kama anayemsalimia karani wa dirishani. Mimi nililelewa na shikamoo, na bado nilipita juu ya mstari ule mara zisizopungua ishirini nikipanga muda wa midomo bila kuusikia. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani skripti ikija na nembo ya ofisi juu yake, mtu huisoma kama waraka, na sikio la nyumbani hunyamaza.

Nilirudi Mbeya kwa Hiace ya saa kumi nikiwa nimeshika daftari, nikipiga hesabu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo nilikuwa silijui baada ya miaka yote ya kazi.

Rangi ya tunda lililo mkononi ilikuwa ni rangi moja ndani ya kibao cha rangi cha programu. Ukiibadilisha pale, kila mchoro unaoitumia hubadilika wenyewe. Binti wa rangi aliimaliza kabla chai haijapoa. Matunda yaliyo mtini yalikuwa ndani ya mandhari sita zilizopakwa kwa mkono, nazo zilichukua siku mbili. Salamu ilihitaji midomo mipya kwa sekunde tano, na kwa kuwa midomo tunaichora kwenye tabaka lake peke yake, ilikuwa kazi ya siku moja. Lakini mkono unaovuta tunda ulikuwa onyesho la saba lote, sekunde 14, michoro 168, nayo ilikuwa michoro ya mwili mzima, kwa maana mama ananyoosha kisigino, kitenge kinapanda, tawi linainama kisha linaruka juu likidondosha maji ya mvua. Nilikuwa nimetumia wiki tatu katika onyesho hilo, na ndilo nililolipenda kuliko yote. Kitendo hicho hicho kilirudiwa katika onyesho la tisa kwa sekunde 8, na kijana alikifanya katika onyesho la kumi na moja kwa sekunde 9. Jumla ni sekunde 31, yaani michoro 372.

Kwa hiyo kosa ambalo lingemponza mkulima zaidi, la rangi, lilikuwa karibu bure kulirekebisha, na kosa la mkono lilikuwa robo nzima ya kazi yetu. Uzito wa kosa shambani na uzito wa kosa hilo hilo mezani kwa mchoraji ni vitu viwili ambavyo havijuani kabisa. Hapo ndipo mimi na shirika tuliposhindwa kuelewana kwa wiki mbili: wao walikuwa wanapima kwa uzito wa shambani na wakashangaa kwamba naleta ankara kubwa kwa jambo dogo kama kuweka mkasi mkononi, nami nilikuwa napima kwa uzito wa mezani nikaona wanadharau jasho la vijana wangu.

Ujumbe wangu wa kwanza kwao haukuwa mzuri. Niliandika kwamba animatiki waliipitisha wenyewe na kwamba mkataba unaruhusu marekebisho mawili tu. Ofisa miradi alijibu kwa adabu lakini kwa uthabiti kwamba mwenye taaluma ya filamu ni mimi, na kwamba yeyote anayechora kitu asichokijua anapaswa kuuliza. Kila upande ulikuwa na karatasi yake. Baada ya barua tatu za namna hiyo niliomba tukutane, tukakutana Tukuyu, ofisi yao ya wilaya, na bibi shamba akaalikwa.

Nilikwenda na kompyuta na nakala ya skripti. Niliwasomea mstari wa onyesho la saba kama ulivyoandikwa: “Mama anachuma parachichi kwa uangalifu.” Kisha niliwauliza, mkono wa mama huyo unafanya nini? Kila mmoja mezani alitoa jibu lake. Mwandishi wa maneno anaweza kuandika “kwa uangalifu” akaendelea na mstari unaofuata, lakini mchoraji hana mchoro wa uangalifu. Ana vidole, na vidole lazima viwe mahali fulani. Kila pale skripti inaponyamaza, mwongozaji hujaza, na hujaza kwa kile anachokijua. Mimi nilikulia mjini, maparachichi ninayoyajua ni yale ya mti wa uani yaliyokuwa yakiangushwa kwa upembo au kuvutwa kwa mkono, basi nikachora ninachokijua. Katika hilo nilikiri pale pale kwamba nilipaswa kuuliza, na bado naamini hivyo.

Lakini niliwaonyesha pia animatiki. Katika onyesho la saba palikuwa na mwili wa mama kwa mistari michache, duara lililosimama badala ya tunda, na mshale wa kuonyesha mkono unashuka. Bibi shamba alitazama akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: hata angetumiwa animatiki ile mwanzoni asingeweza kuliona kosa, kwa kuwa kikonyo hakipo pale. Yaani idhini waliyotoa ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa idhini ya hadithi na muda. Idhini ya mkono haikuwahi kuombwa wala kutolewa. Nami nilikuwa nimeipokea idhini moja na kuitumia kama mbili.

Aliyetoa idhini yenyewe alikuwa ofisa mawasiliano, mtu makini, anayejua habari na picha, asiyejua kilimo. Hakumtumia ofisa kilimo kwa sababu hakuna aliyemwambia amtumie, na mimi nilikuwa miongoni mwa wasiomwambia. Kwa mwongozaji wa kujitegemea hili lina kishawishi ambacho ni vizuri kukisema wazi. Jibu la “iko vizuri” likija, fedha ya awamu inatoka, kodi ya chumba inalipwa, kijana wa michoro ya kati anapata chake. Kumwomba mteja aionyeshe kazi kwa watu wengine watatu ni kuomba maoni matatu na kuchelewesha malipo kwa wiki mbili. Sikuwadanganya, lakini nilikuwa na sababu ya kutouliza, na sababu hiyo ilikuwa tumbo.

Tulivyogawana mzigo ni hivi. Rangi na mandhari nilibeba mimi, kwa kuwa vielelezo nilivichagua mimi. Salamu na sauti walibeba wao, kwa kuwa skripti ilikuwa yao. Mkono tuligawana nusu kwa nusu, na muda ukaongezwa wiki tatu.

Nusu ya michoro 372 bado ilikuwa mingi kwangu, na hapa ndipo uongozaji uliposaidia pale ambapo uchoraji ungetufilisi. Usiku ule nilikata onyesho la saba vipande vitatu. Sekunde sita za mwanzo, mama anapoinua uso na kunyoosha kisigino, zilikuwa salama, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa umefichwa na majani. Sekunde nne za katikati nilizitupa na kuweka badala yake picha ya karibu kabisa: kikonyo, makali ya mkasi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikilipokea tunda kutoka chini. Mikono mikubwa kwenye fremu haina kitenge wala kisigino, hivyo michoro yake 48 ilikwenda haraka. Sekunde nne za mwisho, mama anapolishusha tunda, tuliziacha kama zilivyo na kuchora upya mkono wa kulia tu ukiwa na mkasi, vipande 48 vidogo vya tabaka moja. Katika onyesho la tisa nilirudisha picha ile ile ya karibu juu ya majani mengine, bila mchoro mpya hata mmoja, na muda uliosalia ukajazwa na kreti ikikaa kivulini. Onyesho la kijana nililifupisha kwa kuonyesha mkasi ukifunga na tunda likiingia mfukoni mwa kuchumia, sekunde tatu, michoro 36. Jumla ya michoro mizima mipya ilikuwa 84, pamoja na mikono 48.

Mlio wa mkasi niliufuata Kiwira tena. Ni mkasi wa yule mama aliyeuliza kuhusu rangi, na ni mkono wake unaokata. Nilimshikia kipaza sauti karibu na tawi. Mlio huo unasikika mara tatu katika filamu, na wakulima waliopewa onyesho la majaribio waliukumbuka kuliko maneno yoyote ya msimulizi. Maji ya mvua yaliyoruka kutoka kwenye tawi yalipotea pamoja na sekunde zile nne. Nayasikitikia mpaka leo, ingawa onyesho jipya linafundisha na lile la zamani lilikuwa linapendeza tu.

Sauti ya mama nayo ilibadilishwa. Ya kwanza ilirekodiwa na mwigizaji wa Dar es Salaam, mwenye sauti safi sana, na wakulima walikuwa wamesema anaongea kama wa redioni. Tulimpata mwalimu mstaafu wa Tukuyu mwenye Kiswahili chenye mwendo wa kwao. Tukuyu ni mahali pa mvua nyingi, na mvua juu ya bati huzima kila kitu, kwa hiyo tulipanga magodoro ukutani chumbani kwake na kurekodi saa kumi na moja alfajiri, siku mbili mfululizo, katika mapengo ya mvua. Mwendo wake ulikuwa wa polepole kuliko wa mwigizaji wa kwanza, na hilo lilimaanisha midomo yote ya mama kupangwa upya.

Katika midomo kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kumfundisha mchoraji wa Kiswahili. Jedwali za midomo, yaani zile zinazoonyesha umbo la mdomo kwa kila sauti, zinazosambaa kwenye intaneti zimetengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano tu, na karibu kila neno letu huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo hufunguka mwishoni mwa neno mahali ambapo mdomo wa jedwali lile ungejifunga. Isitoshe tuna ile m inayosimama yenyewe kama silabi. Mama anaposema “mparachichi,” midomo hufungwa kwa m, ikabaki imefungwa kwa p, ndipo ikafunguka. Ukiichora kama sauti moja ya haraka, mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hatakijua. Niliongeza mchoro mmoja wa midomo iliyofungwa kila penye m ya namna hiyo, na mama yule akaanza kuzungumza kweli. “Shikamoo” ni neno fupi kuliko “Habari za asubuhi,” na nafasi iliyobaki ilitosha kabisa kwa “Marahaba, mwanangu,” ambayo skripti haikuwa nayo.

Wiki hizo zote awamu ya tatu ilikuwa haijatoka. Vijana niliwalipa kwa fedha ya kupiga video za harusi na sendofu Jumamosi, na siku nyingine nilihariri hadi usiku na kuamkia mezani. Sioni aibu kwa hilo. Karibu kila mwongozaji wa nyanda hizi ninayemfahamu hula kwa harusi ili achore. Ila siku zangu za kungoja sikuziweka katika bajeti, na gharama nisiyoiandika mwanzoni sina namna ya kuidai mwishoni. Nakala ya mwisho tuliituma Dar es Salaam ndani ya diski kwa basi, kwa sababu kupandisha faili la ukubwa ule kwa bando kungegharimu zaidi ya parseli.

Mikataba yangu imebadilika. Sasa animatiki hupitishwa na watu wawili waliotajwa kwa vyeo vyao, mmoja wao akiwa mtu wa fani inayofundishwa, na kila kitendo cha mkono ambacho filamu inataka mtazamaji akiige huchorwa kwa ukubwa, na vidole vyake vyote, kabla ya kuombewa idhini ya peke yake. Badiliko linaloletwa baada ya hapo hulipiwa kwa sekunde. Kuna pia siku mbili za shambani mwanzoni kabisa, zenye nauli na posho, na mteja akizikata kwenye bajeti huwa namwambia waziwazi kwamba kazi hiyo siwezi kuichukua. Wawili wameshakwenda kwingine kwa sababu hiyo.

Suala moja lilibaki wazi hata baada ya filamu kupokelewa. Shirika liliomba mafaili mabichi, yaani michoro yenyewe ikiwa katika matabaka yake, ili waweze kutengeneza toleo la Njombe kwa Kibena. Mkataba haukusema lolote kuhusu mafaili hayo. Michoro na filamu ni kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, lakini sheria haipangi bei ya matabaka, na ni juu ya wahusika kuandika nani anapata nini. Nilikataa kuyatoa bure, na pia nilikataa kuyafungia kabatini, kwa kuwa mkulima wa Lupembe ana haki ya kuelezwa habari ya kikonyo kwa lugha ya mama yake. Tuliandika nyongeza ya mkataba: mafaili yanabaki kwangu, toleo la Kibena natengeneza mimi kwa bei ya sauti na midomo pekee, na toleo lolote litakalofuata litahesabiwa vivyo hivyo. Mwenye sauti ameshapatikana Njombe, na bibi shamba wa huko ameshaomba aitazame animatiki kabla sijachora mdomo hata mmoja.